Maneno Mawili Niliyoyafuta Mwenyewe

Nilijua kibao kile kimenakiliwa kutoka kwangu kwa sababu ya neno "na". Kilisema wenyeji wa kijiji hiki ni wakulima wa mahindi, karanga na na viazi vitamu. "Na na." Kosa hilo nililifanya mimi, Jumamosi moja mchana, katika chumba cha kompyuta cha chuo, nikiandika mbiombio kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika kila baada ya dakika kumi. Aliyechora kibao alilinakili kama lilivyo, rangi nyeupe juu ya bati la kijani, wala hakujiuliza. Mtu asiyejiuliza kuhusu "na na" ndiye aliyekabidhiwa historia yetu.

Mstari wa nne ndio ulionifanya niruke kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Ulisema hivi: "Mzee wa kwanza wa ukoo mkubwa wa hapa alikuwa mtumwa aliyenunuliwa na Wazaramo kwa kibaba cha chumvi."

Mzee huyo ni babu yake bibi yangu mzaa mama. Hakununuliwa na mtu. Na bibi yangu yu hai, ana miaka themanini na kitu, nyumba yake iko hatua chache kutoka pale kibao kilipochimbiwa. Kila anayekwenda mashineni kusaga anakipita, anakisoma, kisha anapita mbele ya mlango wa bibi.

Sitakitaja kijiji chetu. Kiko mbele kidogo ya Kwihara, ukiliacha lile tembe la udongo alilokaa mzungu wa zamani, ambalo wageni huja kulipiga picha. Kimeshatajwa vya kutosha.

Nieleze ilivyoanza, na nitajitahidi nieleze bila kutukana.

Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu katika chuo kimoja mjini Tabora. Tulikuwa na somo la mbinu za utafiti na uandishi, na mhadhiri wetu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, nadhifu, shati lake limenyooshwa hata siku za vumbi la Agosti. Alikuwa ametoka semina Dar es Salaam, akarudi na fulana, vibandiko na wazo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Alituambia kwamba kuna kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili, inayoandikwa na yeyote anayetaka, na kwamba humo kuna makala ndefu juu ya miji ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeifikia, ilhali vijiji vyetu vina mstari mmoja au havimo kabisa. Basi kila mwanafunzi aandike makala ya kwao, na makala hiyo ingebeba alama ishirini za kazi za darasani.

Nilifurahi kupita kiasi. Tangu shule ya msingi nilikuwa nasikia Tabora ikitajwa kwa mambo mawili tu, soko la watumwa na wazungu waliopita. Sisi tuliokuwa tukikaa hapa wakati wao wanapita hatukuwamo. Siku zote nilijua kwamba kwetu kuna habari nyingine, kwa kuwa nilikulia kwa bibi na nilizisikia kabla sijajua kusoma.

Habari ya babu yake ni hii. Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyamwezi hadi pwani, kwa miguu, na alikwenda mara tatu. Alikwenda kwa hiari na kwa ujira, alikuwa na kiongozi wa msafara aliyemheshimu, na siku walipopunguziwa posho yeye na wenzake waliweka mizigo chini wakakaa juu yake mpaka wakaongezwa. Bibi anapofika hapo kwenye kukaa juu ya mizigo, hukaa wima zaidi kwenye kigoda chake. Zamani kwao, kijana ambaye hakuwahi kufika pwani alipata taabu kuposa, maana wazee wa binti waliuliza kwanza ameona maji ya chumvi au hajaona. Babu huyo aliona. Akarudi na sugu begani kubwa kama andazi, na nguo, na katika safari nyingine, ya Uvinza, akanunua mzigo wa chumvi, akaugawa kijiji kizima.

Chumvi hiyo ndiyo iliyotuletea balaa.

Kijijini kwetu kuna fundi cherehani, mzee wa miaka sabini hivi, Mzaramo. Babu yake aliambatana na msafara akaja huku, akaoa, akabaki. Fundi hajawahi hata kuiona Bagamoyo, Kinyamwezi anakiongea kuliko mimi, lakini Mzaramo ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Asiyejua utani nimweleze kwa ufupi: mtani wako anayo ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kitu chako, na kukuzika akicheka, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Ni undugu. Mtu ambaye si ndugu yako hawezi kukuita mtumwa ukacheka. Mtani anaweza.

Bibi na fundi walitaniana kila siku ya Mungu. Fundi aliweka cherehani yake kwenye kibaraza cha duka lililo ng'ambo ya njia, wakawa wanatupiana maneno juu ya vichwa vya wapita njia. Yeye alichota karanga za bibi kwenye ungo bila kuomba. Bibi alimnyang'anya kofia akaenda nayo shambani. Mume wake bibi alipofariki, fundi alilala ndani ya kaburi kabla ya mwili kuteremshwa, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na bibi, mjane wa siku hiyohiyo, akacheka mpaka akashikwa asianguke. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba kicheko kile ndicho kilichomsimamisha.

Basi nikaenda kuwahoji kwa ajili ya makala yangu. Niliwakalisha pamoja uani kwa bibi, simu nikaiweka juu ya kinu, nikabonyeza kurekodi. Bibi akaanza habari ya babu yake. Alipofika kwenye chumvi, fundi akamkatiza.

"Mwongo huyu, usimwandike," aliniambia, uso umekazwa kama hakimu. "Babu yake alifika kwetu Uzaramo njaa imemkamata. Akaomba chumvi ya mboga. Tukampa kibaba. Hana cha kulipa, tukamchukua mwenyewe. Kwa hiyo huyu bibi yako ni mtumwa wangu, na wewe pia, ila wewe sikutaki, huna kazi unayoijua."

"Na babu yako?" bibi akasema. "Alifuata msafara wetu akiokota maganda ya karanga. Ganda moja, ganda jingine, kushtuka yuko Tabora, njia ya kurudi kaisahau. Mpaka leo hamuijui."

"Nyamaza, mtumwa."

"Nishonee gauni kwanza, ndipo uniite mtumwa."

Kwenye ile sauti niliyorekodi, maneno ya hapo hayasikiki vizuri kwa sababu ya kicheko. Cha bibi chembamba, cha fundi cha kukohoa, na changu pia kimo.

Nikaandika makala. Nilitaka utani uwemo, maana nao ni sehemu ya historia ya ile njia, pengine ndiyo sehemu pekee iliyobaki hai. Niliandika: "Watani wao Wazaramo huwaambia kwa utani kwamba mzee huyo alikuwa mtumwa aliyenunuliwa kwa kibaba cha chumvi." Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Naikumbuka kwa herufi zake.

Jumamosi ya kupandisha makala tulijazana kwenye chumba cha kompyuta, wawili wawili kwa mashine moja, na kulikuwa na sambusa na soda kwa heshima ya tukio. Mhadhiri alipita kiti kwa kiti. Kila aliyekamilisha alipigwa picha akiwa ameshika kibandiko, kwa ajili ya ripoti. Alipofika kwangu aliinama, akasoma, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii ni lugha ya barazani," alisema. "'Watani huwaambia kwa utani.' Kamusi elezo haitanii. Habari yenyewe hapa ni ipi?"

"Kwamba alinunuliwa kwa chumvi. Lakini mwalimu, si kweli. Ni utani tu."

"Chanzo unacho?"

"Nimemrekodi mzee mwenyewe."

"Basi chanzo unacho. Nyoosha sentensi, weka tanbihi, umalize. Wenzako wanasubiri mashine."

Akaenda kiti kinachofuata. Ningeweza kumfuata. Ningeweza kuifuta sentensi nzima, nikabaki na wapagazi na pembe zao, na hakuna ambaye angeniuliza. Lakini nilitaka zile alama ishirini zote, na nilitaka ile picha, na mwenzangu wa mashine alikuwa ananipumulia shingoni. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufutia, nikafuta "watani wao Wazaramo huwaambia", nikafuta na yale maneno mawili, "kwa utani". Mahali pake nikaweka "inasemekana", nikawaweka Wazaramo mbele kidogo kama wanunuzi, nikaongeza tanbihi: mahojiano na mzee wa kijiji. Nilipata kumi na nane.

Mtani wa bibi amekuwa "mzee wa kijiji". Hata sasa nikiiona tanbihi ile natamani kujizaba kibao.

Wiki chache baadaye mhariri mmoja, mtu nisiyemjua wala sijui anakaa wapi, aliliondoa neno "inasemekana". Aliacha maelezo mafupi kwamba hilo ni neno la kukwepa, na kwamba jambo lenye chanzo halihitaji kukwepwa. Kwa kanuni zao alikuwa sahihi. Mimi nilipata taarifa kwenye simu, nikaona makala yangu imehaririwa, nikajisikia mtu mkubwa, nikaendelea na mambo yangu. Sikuisoma. Walionifundisha kusoma wangenisamehe mengi, hili sidhani.

Mwaka uliofuata nilikwenda Puge, wilaya ya Nzega, kwa mazoezi ya kufundisha. Nikiwa huko, vijana wa kamati ya kijiji chetu walipata wazo la kuwavuta wageni wa Kwihara wafike na kwetu. Wakaandaa kibao cha historia. Hawakuvuka njia kumuuliza bibi wala fundi, walifungua simu. Kibao kilizinduliwa na mgeni rasmi, utepe ukakatwa, ngoma ikachezwa, na bibi yangu, asiyejua kusoma, alikuwepo kwenye uzinduzi, akapiga vigelegele.

Alipigia vigelegele sentensi ile. Hapo ndipo hasira yangu hunishinda, kila ninapofika hapo.

Jirani yake ndiye aliyemsomea, siku tatu baadaye, akitoka mashineni na debe la unga kichwani. Sijui alimsomea kwa nia gani. Mimi nilirudi wiki iliyofuata, nikaona "na na", nikaruka kutoka kwenye bodaboda, nikamkuta bibi uani anapepeta.

Mara zote bibi huniita mume wangu, kama mabibi wengi. Siku hiyo hakuniita kitu.

"Ile habari ya barabarani kaiandika nani?"

"Mimi, bibi."

"Isome nisikie mwenyewe."

Nikaisoma kutoka kwenye simu. Akaniambia niisome tena. Nikaisoma tena.

"Tulipocheka," akasema, "umepaandika wapi?"

Nikamwambia sikupaandika. Akaendelea kupepeta. Akasema, bila kuniangalia, kwamba hana shida na fundi, fundi kasema yake na yeye kasema yake, shida yake ni lile bati. Alitaka maneno yale yatoke kwenye bati na yatoke huko yalikotoka, wakati yeye angali hai, kwa sababu akishakufa hatabaki mtu wa kubishana na bati. Hilo tu ndilo aliloniomba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa bibi yangu ilikuwa hivyo hasa, mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Niseme jambo hapa ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kuwa mjukuu wa mtumwa ni aibu. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Chuoni nilikuwa na mwenzangu wa Ipuli ambaye babu wa babu yake aliletwa kweli, kamba shingoni, kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwao jambo hilo husimuliwa kwa sauti ya chini, kwa adabu. Nilipomwonyesha ile sentensi hakucheka. Aliniuliza kama nadhani babu yao naye aliuzwa kwa kichekesho cha kibaba cha chumvi. Nilikuwa nimewakosea watu wa aina mbili kwa sentensi moja, na nilipewa alama kumi na nane.

Nikaanza kazi ya kuifuta. Ilinichukua dakika moja kuiondoa, na kabla sijamaliza kula ugali wa mchana ilikuwa imerudishwa, na maelezo: "Umeondoa maandishi yenye chanzo." Nikaiondoa tena, ikarudishwa tena, nikaonywa. Nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kurasa mbili nzima, nikaeleza utani, nikaeleza kwamba mwandishi wa sentensi ile ni mimi na kwamba ni uongo. Akanijibu mmoja wa wakabidhi, ndivyo wanavyowaita wasimamizi wao, kwa lugha ya upole sana. Alisema ananielewa, lakini kamusi haiwezi kutegemea kauli ya mtumiaji kuhusu familia yake, na kwamba maelezo ya bibi yangu, pamoja na heshima zote, si chanzo kinachoaminika. Kama nina kitabu au gazeti linalosema vinginevyo, nilete.

Yaani fundi akitania uani ni chanzo. Bibi akisema kweli kwenye ua uleule, kwenye sauti ileile niliyorekodi, si chanzo. Tofauti yao ni kwamba mmoja nilimwekea tanbihi.

Siku nne baadaye mtu mwingine akaiongezea sentensi ile tanbihi ya pili. Niliifungua. Ilikuwa picha ya kibao cha kijiji chetu.

Nilisimama. Nakumbuka nilisimama kabisa, nikatupa simu kitandani, nikazunguka chumba nikitukana kwa lugha zote mbili ninazozijua. Bati lilinakili kutoka kwenye kamusi, sasa kamusi inalitaja bati kuwa shahidi. Waongo wawili wanashikana mikono, na anayewatambulisha ni mimi.

Nikaenda kwa mhadhiri. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za Puge. Nilipomweleza alisikitika kidogo, akasema hata hivyo makala yangu ni mojawapo ya zinazosomwa sana, na ipo kwenye ripoti yake. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifutisha. Akasema hakumbuki, na pengine ni kweli hakumbuki, tulikuwa arobaini na kila mmoja alimpa nusu dakika. Akanishauri niandike makala gazetini kukanusha, kisha makala hiyo itumike kama chanzo.

"Mwalimu, uandike wewe," nikamwambia. "Seti yako ya vibandiko bado ipo. Andika kwamba ulikosea."

Akasema nipunguze jazba, somo lile lilishafungwa. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sikulelewa kulifanya, na silijutii.

Fundi alipopata habari kamili, kwamba neno lililoko kwenye bati ni la kwake, alifunga cherehani mchana ule na kuniambia twende kwa mtendaji wa kijiji. Alivaa kanzu kana kwamba anakwenda msikitini. Mbele ya mtendaji alisimama, hakukaa.

"Maneno yale nimesema mimi," alisema. "Nilikuwa namtania mtani wangu. Babu yake hakuwa mtumwa wa mtu. Babu yangu mimi ndiye aliyekuja huku nyuma ya mizigo yao. Futeni."

Mtendaji alicheka. Hakuwa mtu mbaya, alidhani naye anashirikishwa utani. "Mzee, sasa hapo ndipo unatania," alisema. "Umerekodiwa, imeandikwa, mgeni rasmi kakata utepe, leo unasema ulikuwa unatania?"

Fundi aliapa. Mtendaji alizidi kucheka. Mtu aliyekuwa anasema uongo kwa miaka sabini na kuaminiwa kwamba anatania, siku aliposema kweli aliambiwa anatania. Niliona uso wake ulivyobadilika. Njiani kurudi alinitaka nitangulie.

Kesho yake alinunua kitambaa cheusi kizito, akakipima kile kibao kwa futi yake ya ushonaji, akakaa kwenye cherehani akashona foronya. Adhuhuri, watu wakitazama, alivuka njia, akapanda juu ya ndoo, akakivisha kibao foronya yake, ikakienea vizuri, akashona mdomo wa chini kwa sindano ya magunia. Mtendaji alikuja mbio. Fundi alimwambia ni haki ya mtani, na anayetaka kuivua aivue, lakini ajue kwamba siku akifa, yeye fundi hatakwenda kumzika. Foronya ipo mpaka leo. Watu wa kamati waliona ni nafuu kuliko kuchora upya.

Kwenye kamusi ilichukua miezi mitano zaidi. Niliandika kila wiki. Nilipandisha sauti yote niliyorekodi, kicheko na kila kitu. Mwishowe akatokea mhariri mmoja, naye pia simjui, akaisikiliza, akaandika kwenye majadiliano maneno machache: "Jamani, hawa ni watani. Hamsikii?" Akaifuta sentensi, na safari hii haikurudishwa. Niliifungua na kuifungua kwa siku tatu kuhakikisha, nikiwa bado na hasira, kwa sababu ilihitajika mtu mmoja tu mwenye masikio, na mtu huyo angeweza kuwa mimi, ile Jumamosi.

Nilikwenda kijijini kumwambia bibi. Nilimkuta uani. Nikamwonyesha ukurasa, ingawa hasomi, nikapitisha kidole mahali sentensi ilipokuwa. Alisema vizuri, ahsante, mume wangu. Nikaona amelipata alilolitaka, na mimi nimesamehewa.

Wakati huohuo fundi alivuka njia, amebeba gauni la bibi alilokuwa amelipeleka kubanwa. Nikajiandaa kucheka. Miaka yote niliyowajua sikuwahi kuwasikia wakiamkiana. Walipokeana kwa matusi tu, alfajiri hata magharibi. Fundi alisimama pale mlangoni pa ua, hakuingia. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi alimtazama. Ungo ulikuwa mapajani mwake, umejaa karanga.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Nimeleta nguo yako."

"Ahsante. Karibu ukae."

"Nashukuru, mama. Nina kazi."

Akaniachia gauni mimi, limekunjwa vizuri, akavaa kofia yake, akarudi kwenye cherehani. Bibi akaniambia nimpelekee mgeni karanga kwenye sahani.